Siku Tulipoonja Msimu wa Pili

Tuliokuwapo siku ile ni hawa: Mama Haja, mwenye nyumba ya video; mwalimu wa madrasa ya mtaa wetu, aliyekaa kwa niaba ya wazazi; motari, yaani dereva wa pikipiki, aliyeleta filamu ndani ya kadi ya simu kutoka Kabambare; mdogo wangu wa kiume, mchoraji wa mabango; na mimi, yaya yake, ndiyo dada mkubwa, mtafsiri. Mdogo wetu wa mwisho, msichana, alikuwa uani akichochea maharagwe, na hakuruhusiwa kuingia. Nawataja wote kwa sababu baadaye, watu walipouliza jambo lilianzia wapi, kila mmoja alisema yeye hakuwapo. Tulikuwapo.

Kuonja ni desturi ya Mama Haja. Filamu yoyote mpya lazima kwanza itazamwe na watu wachache mchana, milango imefungwa, kabla ya kuonyeshwa kwa watu wa mji. Aliianzisha baada ya aibu ya Idi. Kwetu Kasongo picha za kuchorwa ni za watoto, na hakuna aliyewahi kufikiri vinginevyo. Kwa hiyo msimu wa kwanza wa filamu ile ulipofika, na tukaona kijana wa katuni mwenye nguo ya buluu anainua magari, Mama Haja aliutangaza kuwa zawadi ya watoto baada ya sala. Walijaa na nguo zao mpya, wawili wawili kwenye kiti, mikono ingali na mafuta ya pilau. Kabla hawajatulia vizuri, lori likaangukia watu barabarani, na wachoraji wa filamu ile hawakuficha kitu.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na maikrofoni yangu. Nilitafuta neno, nikasema, "Angalieni, lori ilibeba mawese! Mitungi yote imevunjika!"

Watoto wakacheka. Kisha sauti moja ndogo ikauliza kutoka mbele kabisa, "Sababu ya nini mawese inalia?"

Jioni akina mama walikuja mlangoni na viatu mkononi.

Pazia lile nalo lina sababu yake. Zamani mtafsiri alikuwa mwanaume, aliyesimama mbele ya watu na kucheza kila sauti, ya askari, ya bibi, ya mbwa. Siku moja alipanda pikipiki kwenda Salamabila kutafuta dhahabu, na tangu siku ile hata salamu hajatuma. Mimi nilikuwa nafagia pale. Wazazi wetu walikuwa wamekufa, mama kwanza, baba baada yake, nami niliacha shule ili wadogo wangu wale. Kifaransa changu nilikitoa kwenye filamu zenyewe, nikiwa na ufagio mkononi. Mama Haja akanisikia siku moja nikiwachezea wadogo wangu sauti za filamu ya jana yake, akasema kazi imepata mtu. Lakini msichana kati ya wanaume ndani ya giza, mji usingekubali. Basi akashona pazia. Watu wengi wanaijua sauti yangu na hawanijui sura.

Sheria za kuonja ni chache. Chakula hakiletwi mpaka kila mtu ametoa hukumu, kwa sababu mtu aliyeshiba husifu kila kitu. Anaanza kusema mdogo, anamaliza mkubwa, ili wadogo wasiige. Na hairuhusiwi kusema "nzuri" tu, ukanyamaza. Lazima useme kizuri ni kipi na kibaya ni kipi.

Tulianza asubuhi, jua lilipopata nguvu ya kujaza betri. Msimu wa pili ulikuwa na sehemu nane. Kwa asiyeijua hadithi, ni hii: kijana, mpagazi wa sokoni, amegundua kwamba anaweza kuinua kitu chochote, gari, nyumba, jengo zima. Msimu wa kwanza anainua na watu wanampigia makofi. Vita, moto, damu, hakuna zaidi. Wa pili haukuanza hivyo. Sehemu mbili za mwanzo wakubwa wa mji wanakaa kwenye viti na kuzungumza juu ya kijana, kama anafaa kupewa cheo ama kufungwa.

"Motari," akasema Mama Haja, "hii umetuletea filme ao mukutano wa machifu wa chefferie? Wanaongea tu. Ata chai hawakunywa."

"Ngoja, Mama Haja. Nguvu inakuja."

"Inakuja na miguu?"

Motari alicheka mwenyewe. Alikuwa mtu wa kuchekesha, mwenye koti la ngozi hata wakati wa joto, na alizoea kugonga goti la aliye karibu naye anapocheka. Siku ile goti lililokuwa karibu lilikuwa la mdogo wangu.

Sehemu ya tatu ilituamsha. Mwanamke mmoja, kazi yake kuondoa vifusi vya nyumba zilizoanguka, anatoka mji wa mbali kumtafuta kijana. Anamkuta akila. Hana silaha, hana nguvu yoyote. Anamwambia: kila unachoinua hapa, uzito wake unaangukia mahali pengine. Siku ulipoinua gari la moshi, kwetu paa la soko lilishuka. Siku ulipoinua kanisa, kwetu ilikuwa shule.

Motari akaacha kugonga goti.

"Anamudanganya," akasema mdogo wangu.

"Nyamaza, tuone," akasema mwalimu.

Ya nne ilikuwa mbaya, nasema kweli. Aliyechora alichoka. Watu wanakimbia bila miguu kugusa ardhi, na midomo inafunguka na kufungwa kama ya samaki wakati maneno yamekwisha kupita. Mwalimu, ambaye hapendi katuni lakini anapenda kazi iliyofanywa sawasawa, alitikisa kichwa sehemu nzima. Ya tano ikarudi kwenye njia. Kijana anataka kujua kama mwanamke yule anasema kweli. Anajifungia chumbani na kuinua kitanda chake, kitanda tu, kwa mkono mmoja, anakishika juu mpaka asubuhi. Halafu anangoja habari.

Ya sita haina neno hata moja.

Nilikuwa nimeshika maikrofoni kwa mazoea, nikaiweka chini. Kijana anasafiri kwenda mji wa yule mwanamke. Anatembea. Anaona mahali pa shule. Anaona chumba kimoja kidogo, ukuta umelala, na mtu mmoja amekaa mbele yake na beseni mapajani. Hawasemezani. Kijana anasimama pale, mvua inaanza, inakwisha, yeye bado amesimama. Basi. Nimetafsiri filamu nyingi, na hiyo ndiyo sehemu bora niliyowahi kuona, na ndiyo peke yake ambayo haikunihitaji.

"Dada, leo kazi yako imekufa," motari akanitania. "Kunywa maji."

Uani nilisikia mwiko ukigonga sufuria, nikashtuka kama mtu aliyeitwa.

Katika ya saba kijana anakataa kuinua tena. Watu wa mji wake wanakuja kumwomba, wanakuja na zawadi, kisha wanakuja na mawe. Ya nane, daraja linapasuka, watu wamejaa juu yake, na kati yao yumo dada yake, ndiye aliyemlea. Anainua. Hafikiri hata kidogo, anainua tu, na dada anafika ng'ambo salama. Tukapumua. Halafu picha ikahama. Ikatuonyesha nyumba ambayo hatukuwahi kuiona, usiku, taa imewashwa, mtu tusiyemwona uso anapanga sahani juu ya meza. Kivuli kikaingia kutoka pembeni ya mji, taratibu, kikafunika mti, kikafunika ua, kikafika dirishani. Mtu yule akaweka sahani ya mwisho. Filamu ikaishia hapo.

Mama Haja alifungua dirisha. Mwanga wa nje ulikuwa mkali, na sote tulionekana kama watu waliotoka msibani.

"Haya," akasema. "Mudogo anaanza."

Mdogo wangu alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu kuliko baba alivyokuwa, rangi ya bango la mwisho bado kwenye kucha zake.

"Iko muzuri," akasema. "Mbingu wameichora muzuri, wanachanganya buluu na rangi ya jivu, miye sikujua inawezekana. Mubaya ni ule mama wa vifusi. Anamuharibia kijana kazi. Miye ningeinua tu. Mutu iko na nguvu, ainue. Kule inaangukia hatukujui, na watu wa kule hatuwajui."

"Na huyo wa kule?" mwalimu akamuuliza, kwa upole.

"Naye atafute wa kumuinulia."

Motari akapiga makofi. "Huyu ndiye mwanaume! Huyu hawezi kuogopa shimo!"

Walitazamana, kwa kitambo kifupi sana, kama wafanyavyo watu ambao jambo lao wamekwisha kulizungumza. Niliona. Zamu ilikuwa yangu, na nilikuwa nimejiandaa kusema juu ya sehemu ya sita na ya nane, lakini maneno yalinitoka kichwani, nikasema juu ya midomo ya samaki. Motari alisema nzuri ni daraja, mbaya ni maneno mengi. Mwalimu alinyoosha miguu kwanza.

"Ni nzuri kuliko ya kwanza," akasema, "na ndiyo sababu naiogopa. Ya kwanza ilikuwa damu, na damu mtu huikinai. Hii inaingia na kukaa. Watoto wasiione kabisa. Wakubwa waione mchana, wakitoka wakutane na jua."

Mama Haja alikubali, akaongeza tu kwamba sehemu mbili za mwanzo atazikata ziwe moja, maana wateja wake wakitaka kutazama watu waliokaa, watakaa nyumbani watazamane. Hapo tukacheka, na maharagwe yakaletwa na wali. Mdogo wangu alikula haraka. Motari alimwongezea mchuzi.

Bango alilichora uani kwetu, juu ya ubao wa zamani. Nilirudi kutoka kisimani nikakuta kijana wa buluu amekwisha kupata mgongo na mikono, na juu ya mikono yake mlima mwekundu, umetobolewa matundu meusi, na kwenye kila tundu ngazi ya miti.

"Filme haina mulima," nikamwambia.

"Nimeweka miye."

"Umeutoa wapi?"

"Mu simu ya motari." Hakugeuka. "Ndivyo kuko, yaya. Ulizia yeyote. Mutu anaingia na mikono mitupu."

"Na anatoka na nini?"

Alichovya brashi. "Tangu mama afe weye ndiye unabeba hii nyumba. Nani atakupokea? Utabeba mpaka mugongo uvunjike, nyuma ya lile pazia?"

"Nani alikuambia nimechoka?"

"Hakuna aliniambia. Niko na macho."

Nilimwambia bango lazima liishe kabla ya Ijumaa, na kwamba wazo la Salamabila na dhahabu yake alitoe kichwani. Alisema ndiyo, yaya. Kisha akaosha brashi zake zote, moja moja, kwa sabuni, akazifunga kwenye kitambaa. Miguu ya kijana wa buluu ilikuwa bado haijachorwa. Tangu aanze kazi ile hakuwahi kuosha brashi kabla ya kumaliza bango. Nililiona hilo pia, nikaenda kupika.

Asubuhi hakuwapo. Mdogo wetu msichana alikuwa mlangoni ameshika penseli ya kaka yake, ile nyekundu ambayo kaka hakuwahi kumruhusu mtu aiguse.

"Amenipa," akasema. "Amesema nisikuamshe."

Mama Haja alipoisikia habari alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa na mtoto wa dada yake huko huko Salamabila, simuulizi tena habari zake. Alinitafutia dereva mzee Mkristo, mwenye gari dogo la mizigo, aliyekuwa anapeleka chumvi na sabuni Wamaza, njiani kuelekea Salamabila, kila juma, mtu asiyependa maneno. Masharti yake yalikuwa mawili. Wamaza ndio mwisho wake, na akiamua kugeuza, anageuza saa ileile, sitamwomba angoje.

Njia ilikuwa ya mvua. Mara nyingi nilishuka nikasukuma, tope likinifika magotini, magunia ya chumvi yakiwa makavu kuliko mimi. Lakini tope nalizoea. Sikuzoea mashamba. Mpunga ulikuwa umeiva pande zote mbili, na ndege walikuwa wameujaa wakila, na hapakuwa na mtoto wa kupiga debe, hapakuwa na mama wa kuwafukuza. Tulipita kijiji kizima, milango imefungwa, moshi ukitoka kwenye paa moja tu. Dereva hakupunguza mwendo wala kusalimu.

Mbele kulikuwa na kamba iliyofungwa kutoka mti hadi mti, na wanaume watatu. Mmoja alikuwa na bunduki na shanga nyingi shingoni. Hakutazama magunia. Alinitazama mimi.

"Weye unafuata nini huku?"

"Ndugu yangu."

"Kila mutu huku anafuata ndugu yake," akasema, na wenzake wakacheka kama kwamba alisema jambo la kuchekesha sana. Kamba ikashushwa. Nilisikia kicheko kile mpaka kwenye kona.

Mdogo wangu nilimsikia kabla ya kumwona. Mwanzoni mwa Wamaza kuna kibanda cha majani, mama mmoja anauza chai na mihogo ya kuchemsha, na ndani yake mtu alikuwa anasema kwa sauti yangu. Nasema kweli, yalikuwa maneno yangu, namna yangu ya kuvuta neno la mwisho ninapotafsiri wazee. Alikuwa amepanda juu ya kinu kilichogeuzwa, mkono mmoja juu, ameshika kitanda kisichoonekana. Mama mwenye kibanda alikuwa anamenya mihogo bila kutazama mihogo. Mwanawe, rika la mdogo wangu, alikuwa anaosha vikombe, na kikombe kimoja alikuwa anakiosha kwa muda mrefu.

"...akakishika mpaka asubuhi," mdogo wangu akasema. "Sehemu ya tano imeisha hapo." Kisha akaniona, na mkono ukashuka.

"Shuka juu ya kinu cha watu," nikamwambia. Ndilo neno la kwanza lililonijia.

"Yaya, unanifuata sawa na mutu anafuata mbuzi."

"Mbuzi angerudi peke yake."

Yule kijana wa vikombe akacheka, akamletea maji, akaniletea na mimi. Mnyororo wa pikipiki ulikuwa umekatika, nikaelezwa, na motari alikuwa ametoka tangu jana kutafuta mwingine kwenye vijiji vya mbele. Mama wa kibanda alinivuta kando, karibu na moto, kama anayetaka nimsaidie sufuria.

"Nilimuona mutoto anaangalia barabara tu," akasema kwa sauti ya chini. "Nikamwambia, nisimulie kitu. Akianza kufika mwisho, ninamuuliza ya nyuma. Ule mama wa vifusi alivaa nini? Kanisa ilikuwa na ukubwa gani? Arudie. Ndivyo nimemuweka mpaka leo."

Nilimuuliza kwa nini.

"Niko na watoto watatu. Wawili walipita hapa hapa, wakaingia mu mashimo. Wale sikuwauliza kitu." Alitia kuni. "Chukua wako, muende sasa. Ule motari akirudi, ana maneno."

Lakini tulisikia pikipiki wakati uleule. Motari alikuja na mnyororo mpya begani kama mkufu, anapiga mluzi. Aliponiona alisita, halafu akakunjua tabasamu lake.

"Dada! Ata weye umechoka na pazia? Nafasi iko moja tu, mutakaa juu ya magoti?"

Alifunga mnyororo haraka, mikono yake ilijua kazi, akakanyaga, injini ikaitika.

"Panda," akamwambia mdogo wangu. "Shimo haiwezi kungojea mutu. Leo wanagawa mahali. Kesho utakuta wamejaa."

Mdogo wangu alinitazama. Sitasema niliona nini usoni mwake, kwa sababu sijui hata leo. Mfuko wake ulikuwa chini kando ya kinu, brashi zake ndani, nguo zake, kila kitu. Niliukalia.

"Yaya. Toka."

"Sitoki."

"Utaaibisha watu."

"Nimeshazoea."

Alivuta kamba ya mfuko. Nilikuwa mzito kuliko alivyodhani. Motari alikuwa anacheka na kukanyaga injini kwa pamoja, anasema hajawahi kuona bibi arusi anayegombaniwa namna hii, na kwamba anahesabu mpaka jua lifike pale kwenye mti. Mdogo wangu aliacha kamba. Alikaa chini, mgongo wake ukigusa wangu, akaficha uso kwenye magoti. Nilijua basi kwamba nimempata. Nilihisi furaha, kubwa, siwezi kuificha.

"Mimi nitapanda," akasema yule kijana wa vikombe.

Alisema kwa wepesi, kama mtu anayejitolea kwenda kununua chumvi. Alikuwa bado ana kitambaa begani. Alikiweka juu ya meza, akapangusa mikono kwenye suruali, akapita mbele yetu, akapanda. Mama yake alikuwa na kisu mkono mmoja na muhogo mkono mwingine. Alifungua mdomo. Motari alikuwa ameshaondoka. Ilikuwa haraka kiasi kwamba vumbi, kama ungekuwa wakati wa vumbi, lisingekuwa limepanda.

Hakupiga kelele yule mama. Alitazama barabara mpaka sauti ya pikipiki ikaisha, kisha akatazama muhogo aliokuwa ameshika, akaendelea kuumenya. Aliumenya mpaka ukawa mwembamba kama kidole. Sikuthubutu kuinuka juu ya mfuko.

"Malizia," akasema.

Alikuwa anasema na mdogo wangu. Mdogo wangu hakuweza. Alitikisa kichwa, akatazama pembeni. Basi nikaanza mimi, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Sehemu ya sita, ile isiyo na neno. Nilimwambia kijana anasafiri. Nilimwambia anatembea, anaona mahali pa shule. Nilimwambia kuna chumba kidogo, ukuta umelala, na mtu amekaa mbele yake na beseni. Hapo nikakwama, kwa kuwa hapo filamu haisemi kitu, na kila neno nililolishika lilikuwa baya.

Dereva mzee alipiga honi. Amekwisha kushusha chumvi, wingu limesimama upande wa mto, anageuza.

"Bado tatu," nikasema. "Hii, na mbili za mwisho. Mama, nitarudi."

"Muko na deni yangu, basi," akasema. "Muje mulipe."

Hakusema kwa hasira. Alitufungia mihogo kwenye jani.

Kwenye kamba ya wale wanaume hatukuulizwa neno, walituhesabu kwa macho wakaishusha. Mdogo wangu alikuwa amekaa nyuma yangu, mfuko kati yetu.

"Yaya," akasema mwishowe, karibu na sikio langu, "ni yeye alikuwa ananiletea maji."

Msimu wa pili ulionyeshwa wakubwa, mchana, kama mwalimu alivyotaka. Watu wa Kasongo waliusifu sana, hasa daraja. Wengi walilalamika kwamba mwisho haukwisha, wakaja nyuma ya pazia kuniuliza je, ile nyumba iliangukiwa, na mtu wa sahani ni nani. Nilisema sijui. Bango lilining'inizwa bila miguu; mdogo wangu alikataa kulimaliza na kukataa kulifuta. Anachora bado. Hukaa nyumbani. Kila akisikia pikipiki hutoka mpaka barabarani, akatazama nani amekaa nyuma, akarudi.

Yule motari hajaleta kadi nyingine. Habari za Salamabila zinafika vipande vipande, na kila anayefika nazo anashusha sauti. Dereva mzee aliacha kwenda Wamaza. Anasema kamba zimekuwa nyingi, na kwamba safari ya mwisho hakukuta moshi kwenye paa lolote. Kuhusu kibanda cha chai alisema alipita haraka.

Sehemu ya sita nimejifunza kuisimulia. Nimeifanyia mazoezi na mdogo wangu, uani, mpaka tukapata maneno machache yasiyoharibu. Ya saba na ya nane nazijua kwa kichwa. Kila mtu anayesema anaelekea upande ule, awe wa miguu au wa baiskeli, namwomba amwambie yule mama kwamba tunakuja, hatujasahau, tuna deni lake la sehemu tatu. Wanakubali wote. Mpaka leo hakuna aliyefika. Wanarudishwa kwenye kamba ya kwanza. Na mimi mwenyewe, siku njia itakapofunguka, nitakapoifikisha hadithi kwenye ile nyumba yenye taa, sijui yule mama nitamtazama wapi.